KAZI ZA MIKONO: MBAVU ZA BAWA



Mzazi mmoja ametuuliza kwa nini watoto waachiwe kuchonga eropleni ndogo za miti, hali kazi za shamba ni nyingi na katekisimu haijajulikana. Swali lake si baya, nasi twapenda kulijibu mbele ya wazazi na walimu wote.

Ufundi si jambo geni kwetu Ufipa. Babu zetu walijenga malungu marefu ya udongo, wakayeyusha chuma humo. Wala kichezeo si kitu cha kudharauliwa. Mwaka 1878 huko Marekani, Milton Wright, askofu wa kanisa moja la Kiprotestanti, aliwaletea wanawe Wilbur na Orville kichezeo cha mwanzi na karatasi, kilichorushwa kwa mpira uliosokotwa. Kilipovunjika, wakaunda vingine. Mwaka 1901 wakapima maumbo ya mabawa yapata 200 katika sanduku lenye upepo, na tarehe 17 Desemba 1903 Orville akaruka kwa sekunde 12.

Watoto wetu baada ya mavuno hutengeneza eropleni za mabua. Hizo hupendeza macho, lakini haziruki. Atakaye yake iruke hana budi kujifunza kuchonga mbavu. Ndani ya bawa mna mbavu nyembamba zilizopangwa safu moja, na juu yake hutandazwa karatasi nyepesi. Kila ubavu umevimba upande wa juu, ni mnene karibu na mbele, tena umechongoka nyuma. Umbo hilo ndilo linalosaidia upepo kulibeba bawa.

Kazi yenyewe ni hii. Kwanza chonga vielelezo viwili vya ubao mgumu, vilingane kabisa. Kata vibao vyembamba vya mti mwepesi uliokauka, kwa hesabu ya mbavu zitakiwazo. Vibane vyote katikati ya vielelezo viwili, uvitoboe kwa pamoja na kuvikaza kwa parafujo mbili ndefu. Punguza kwa kisu mpaka ukaribie vielelezo, lakini usivifikie. Sehemu iliyobaki ni ya msasa. Msasa uuzungushie kibao kilichonyooka, maana kidole hubonyea na kuchimba mti laini. Anza na ulio mkali, umalize kwa ulio laini, ukifuata mviringo wa ubavu bila kukandamiza. Kibao kikigusa vielelezo vyote viwili kwa pamoja, acha. Mapengo ya kupitishia boriti ya bawa yakate kabla ya kufungua fungu, ili yakae mstari mmoja.

Wako watoto wenye haraka. Wakiisha kuchonga ubavu mmoja, huutumia kuchorea wa pili, na wa pili kuchorea wa tatu. Penseli huongeza unene wa uzi kila mara, hata ubavu wa kumi si ndugu wa ule wa kwanza. Karatasi hufanya nundu, eropleni hupinda upande mmoja ikaanguka. Kwa hiyo kila ubavu upimwe kwa kielelezo, usipimwe kwa jirani yake.

Enyi wazazi, je, nyumbani si vivyo hivyo? Baba huacha sala ya jioni mara moja kwa ajili ya pombe. Mtoto mkubwa huiacha mara mbili, na mdogo wake, ambaye humtazama kaka tu, haijui kabisa. Ndipo twalia kwamba watoto wa siku hizi wamepotoka, kumbe kila mmoja alipimwa kwa jirani yake. Mtume Paulo alimwagiza Tito awe kielelezo cha matendo mema. Agizo hilo ni la kila baba na mama, na la kila mwalimu.

Basi mtoto akikuomba kisu na kipande cha msasa, usimfukuze. Keti naye, umwonyeshe namna ya kulinganisha kazi yake na kielelezo. Halafu kengele ya sala ikilia, uwe wa kwanza kuinuka.