Mwalimu wa baiolojia naye apelekwe maabara

Majuzi nilipanda kutoka Mombasa hadi Kimuka, upande wa pili wa vilima vya Ngong, kumjulia hali mpwa wangu anayefundisha baiolojia huko. Baada ya chai akanionyesha maandalio yake ya somo la utoaji takamwili. Yalikuwa vile vile kitabu kinavyosema: samaki hutoa amonia, ndege asidi ya yuriki, mamalia yurea.

Nikamuuliza kama amesikia habari za samaki wa Ziwa Magadi, kaunti hiyo hiyo ya Kajiado. Maji ya pale ni makali kwa magadi, pH yake hukaribia 10, na amonia haitoki mwilini kwa urahisi ndani ya maji ya namna hiyo. Basi tilapia mdogo wa ziwa hilo hutoa yurea, kama ng'ombe wanaochungwa kandokando yake. Watafiti walilitangaza jambo hilo mwaka 1989.

"Mjomba, hayo hatukuambiwa chuoni," akasema. "Na nina wanafunzi ambao kwao ni Magadi."

Simlaumu. Mimi mwenyewe nilishika chaki miaka mingi na sikumbuki hata siku moja niliyofanya jaribio nisilojua matokeo yake. Tulichemsha jani, tukatia ayodini, rangi ikabadilika, kengele ikalia. Ule ulikuwa upishi.

Sasa Gredi ya 10 imeanza Januari 2026, na serikali inalenga asilimia 60 ya wanafunzi wafuate mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Mtaala unamtaka mwanafunzi abuni swali, akusanye data, atetee jibu lake. Atamwongoza nani, ikiwa mwalimu mwenyewe hajawahi kufanya hivyo?

Marekani, shirika la National Science Foundation hugharamia walimu wa shule wakae kwenye maabara za vyuo vikuu wakati wa kiangazi, mara nyingi wiki 6 hivi, tena kwa malipo. Sisi hatuna kiangazi cha namna hiyo, lakini likizo ya Agosti tunayo.

Kuna watakaosema tayari tuna CEMASTEA pale Karen, iliyotokana na mradi wa SMASSE wa mwaka 1998 uliosaidiwa na Wajapani. Ni kweli, na kazi yake naiheshimu. Lakini huko mwalimu hufunzwa namna ya kufundisha. Kukaa na mtafiti ukaona jaribio likikataa mara tatu ni somo jingine.

Na asiambiwe ajilipie. Mwaka 2021 TSC ilipoleta mafunzo ya Sh6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwa mwalimu, vyama vilipinga, na mimi nilikuwa upande wao. Nauli, chakula na posho vipangwe kwanza.

Mahali pa kuwapeleka papo. Hapa kwetu kuna KMFRI Mombasa, KEMRI-Wellcome Trust Kilifi, na mikoko ya Gazi inayopimwa kila leo. Kajiado kuna Amboseli, ambako ndovu wanafuatiliwa mmoja mmoja tangu 1972. Kila mtafiti anayeingia maeneo haya huomba leseni NACOSTI. Kwa nini leseni ya mradi unaozidi mwaka mmoja isiwe na sharti la kumpokea mwalimu mmoja wa eneo hilo, wiki nne tu za Agosti? Watalalamika kwamba atawachelewesha. Huenda, wiki ya kwanza. Lakini mradi ukiisha wao hufunga virago, na mwalimu ndiye anayebaki na watoto wa pale.

Mpwa wangu hajangoja leseni ya mtu. Amenunua karatasi za kupimia pH na anataka kwenda Magadi likizo ijayo na wanafunzi wanne. Nauli bado anaitafuta.