Nchi Ikiwa Vitani, Mpinzani Anyamaze?

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp kaka mmoja, kada ninayemheshimu sana, aliandika kuhusu Thailand na Cambodia: eti nchi zikipigania mpaka, wapinzani wafunge mdomo kwanza, siasa baadaye. Nilianza kumjibu palepale, nikaona hapatoshi.

Hebu tuanze na kesi yenyewe, maana sisi wa sheria tunaisoma darasani. Mkataba wa 1904 kati ya Siam, ndiyo Thailand ya leo, na Ufaransa iliyokuwa ikiitawala Cambodia, ulisema mpaka ufuate kilele kinachogawa maji milimani. Maofisa wa Kifaransa wakachora ramani, hekalu la Preah Vihear likaangukia Cambodia. Siam ilipopelekewa ramani hizo ilifanyaje? Ilishukuru, jamani! Waziri wao wa Mambo ya Ndani, Mwanamfalme Damrong, akaomba nakala 15 zaidi awagawie magavana. Tarehe 15 Juni 1962 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kwa kura 9 dhidi ya 3, ikasema hekalu ni la Cambodia: mlipewa ramani, mkanyamaza miaka yote hiyo, basi mlikubali. Mwaka 2013 ikaifafanua tena hukumu hiyo.

Kwa hiyo suala la hekalu hilo lilijibiwa kabla mama yangu hajazaliwa. Yapo maeneo mengine yenye utata, kama Ta Moan Thom, lakini ya kuzungumzwa mezani. Badala yake Julai 2025 zikarushwa roketi na mabomu siku 5, makumi wakafa, zaidi ya watu laki mbili wakakimbia makwao. Wakasitisha, Desemba wakarudia.

Sasa nani alifaidi? Agosti 2025, maiti hazijasahaulika, Bunge la Cambodia likapitisha sheria ya kumvua uraia mtu anayedaiwa kushirikiana na wageni dhidi ya nchi. Nchi ambayo chama kikuu cha upinzani, CNRP, kilifutwa na Mahakama ya Juu mwaka 2017, na uwaziri mkuu ukatoka kwa baba, Hun Sen, ukaenda kwa mwana, Hun Manet. Huko Thailand nako, Move Forward kilichoongoza uchaguzi wa 2023 kilifutwa na Mahakama ya Katiba mwaka uliofuata. Mahakama hiyohiyo ikamng'oa Waziri Mkuu Paetongtarn Shinawatra kwa sababu ya simu yake na Hun Sen iliyovujishwa. Simtetei, simu ile ilikuwa ya aibu. Lakini waliopigiwa kura wanaondolewa kirahisi mno, majenerali wanabaki palepale.

Kaka, unamwambia nani anyamaze? Yule kijana wa Phnom Penh akiuliza watoto wa wakulima wanafia nini pale mpakani, anaweza kuamka hana nchi. Asipouliza, watawala watasema alikubali, kama majaji walivyosema kuhusu Siam. Nijibu humuhumu, wote wasome.