Mwizi wa Akiba

Watu husema kuwa akiba ya mtu wa kawaida hupotea katika soko la hisa kwa kukosa bahati. Mimi nasema hupotea kwa kukosa subira, na anayesingizia bahati hujidanganya.

Mwaka 2008 hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 5 kila moja. Watu walipanga foleni. Wengine walikopa benki ili wanunue. Baba yangu mdogo aliuza ng'ombe wake wa maziwa ili asipitwe. Mwanzoni mwa 2009 bei ilikuwa chini ya shilingi 3. Jirani zake wakauza kwa hofu, naye akauza. Mwaka 2021 hisa zile zile zilipita shilingi 40. Yeye hakuwa na ng'ombe wala hisa.

Nani alimwibia? Moyo wake mwenyewe. Tamaa ilimnunulia, hofu ikamwuzia, na akili haikuulizwa.

Nitaambiwa kuwa si kila hisa hupanda tena. Ni kweli: hisa za kampuni ya sukari ya Mumias zilisimamishwa kuuzwa sokoni mwaka 2019. Kwa hiyo subira bila maarifa haifai. Kabla ya kununua, mtu ajiulize: kampuni hii hupata faida kwa njia gani? Fedha hizi nitazihitaji lini? Asiyeweza kujibu asinunue, wala asikope.

Enyi vijana mtakaopokea mshahara kesho, tawaleni nafsi zenu kabla ya kutawala fedha. Wahenga walisema mfuata nyuki hakosi asali. Hawakusema mfuata umati.