Rangi na Mpira wa Kikapu

Wako wasemao kuwa michezo haikujua rangi ya mtu. Msomaji, usiwasadiki upesi. John McLendon, Mmarekani mweusi, alisoma Chuo Kikuu cha Kansas chini ya James Naismith, aliyebuni mpira wa kikapu. Lakini timu ya chuo haikupokea weusi. Basi akawa mwalimu wa mchezo katika vyuo vya weusi. Mwaka 1944, mjini Durham, vijana wake walicheza kwa siri, milango imefungwa, na Wazungu waliosomea udaktari Duke. Waliwashinda 88 kwa 44. Sheria ilikataza hata kukutana kwao uwanjani! Akiwa Tennessee A&I alitwaa ubingwa wa vyuo vya NAIA mara tatu mfululizo, 1957 hadi 1959. Jumba la Mashujaa wa mchezo huo lilimpokea mwaka 1979 kwa mchango wake tu. Kwa ualimu, kazi yake hasa, lilimkiri mwaka 2016. Naye alikwisha fariki 1999.