Adapta isiwe mzigo wa mwenye gari

Barabara ya A7 itokayo Mombasa kupitia Mtwapa hadi Kilifi imekuwa ikipanuliwa kwa msaada wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na Umoja wa Ulaya, na barabara inapopanuliwa Pwani, mashamba ya kandokando hayachukui muda kugeuka vituo vya petroli, maduka na mabaa. Sina ugomvi na hayo. Ila kabla vipande vyote havijagawanywa, liko jambo moja ambalo Kaunti ya Kilifi na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, wanapaswa kuliamua mapema: kituo chochote cha umma cha kuchaji magari ya umeme kitakachowekwa hapa kilazimishwe kuwa na nyaya zinazoingia kwenye magari tunayonunua sisi. Mwenye gari asiambiwe akatafute adapta.

Asiyemiliki gari la umeme huenda akaliona jambo hili dogo. Gari la petroli, liwe limetoka Japani, Ujerumani au China, hujazwa kwa bomba lile lile, na dereva hana haja ya kujua liliundwa wapi. Magari ya umeme hayajafika hapo. Kwa kuchaji haraka, Japani inatumia plagi iitwayo CHAdeMO, Ulaya imeshikamana na CCS2, China ina yake ya GB/T, na Marekani inahamia kwenye plagi ya Tesla. Sasa tazama magari ya Kenya yanatoka wapi. Mengi ni mitumba ya Japani, usukani kulia, umri usiozidi miaka minane kwa mujibu wa kanuni. Gari la umeme ambalo mwalimu au mwenye duka wa Mtwapa anaweza kulipigia hesabu ni Nissan Leaf iliyotumika Japani, yenye tundu la CHAdeMO. Mwekezaji wa kituo naye atavutwa na mtambo wa CCS2, kwa kuwa ndio unaotengenezwa kwa soko kubwa la Ulaya na ndio unaofaa magari mapya ya watu wenye uwezo. Wawili hawa wakikutana kando ya barabara, gari litasimama mbele ya chaja inayowaka taa na lisipate kitu.

Na usidanganywe na namba iliyoandikwa kwenye nguzo ya kuchajia. Nguzo ya kilowati 22 inayotoa umeme wa kawaida, ule wa majumbani, husifiwa kuwa ni ya haraka, lakini kasi huamuliwa na chaja iliyo ndani ya gari lenyewe. Leaf ya Japani itavuta hapo kilowati 3 hadi 6 tu, hata nguzo iwe na uwezo mara nne ya huo, na bado itahitaji waya wa kutoka tundu la Ulaya kwenda la Japani. Kinacholiharakisha gari hilo ni mtambo wa umeme wa mkondo mmoja, wa kilowati 50 hivi, unaoingia moja kwa moja kwenye betri. Huo kwa nusu saa unaweza kurudisha karibu yuniti 20 za umeme (kilowati-saa), kazi ambayo soketi ya nyumbani ingeifanya kwa saa saba.

Wauzaji wana jibu lao: nunua adapta. Adapta ya kugeuza CCS2 iwe CHAdeMO si kipande cha plastiki cha kubadilisha miguu ya plagi. Ni kisanduku chenye kompyuta ndogo inayowasiliana na chaja kwa utaratibu mmoja na gari kwa utaratibu mwingine. Kina betri yake ya kukiamsha, ikiisha hakuna kinachoendelea, na programu yake huhitaji kusasishwa kwa USB pale chaja ya aina fulani inapokikataa. Kupitia humo hupita umeme wa volti karibu 400, kwa nusu saa nzima, katika hewa yenye chumvi ya bahari ambayo hula hata mabati na vyuma vya madirisha yetu. Hata kampuni kubwa hazijalimudu jambo hili vizuri. Ford ilipokubaliana na Tesla mwaka 2023 kuwaruhusu wateja wake kuchaji kwenye vituo vya Tesla, yenyewe ndiyo iliyowapa adapta. Oktoba 2024 ikawataka baadhi yao waache kuzitumia na wabadilishiwe, kwa kuwa zingeweza kupunguza kasi ya kuchaji na kuharibu tundu la gari. Ford ina maabara na inajua kila mteja aliko. Adapta iliyoagizwa kwa simu kutoka ng'ambo haina wa kuirudisha.

Asiyepata kituo kinachomfaa hurudi nyumbani, na huko ndiko kwenye hatari hasa. Waya unaokuja na gari la Japani umetengenezewa volti 200. Umeme wetu ni wa volti 240. Ukichomekwa kwenye soketi ya ampea 13 kupitia waya wa kuongezea, mzigo wa kilowati 3 unakaa hapo usiku kucha, tofauti kabisa na birika linalochemka dakika chache. Dalili huonekana mapema: tundu moja la soketi linaanza kuwa la kahawia, plagi haigusiki kwa joto, kisha harufu ya plastiki. Tena si kila mtu ana soketi yake. Mtwapa ni mji wa wapangaji, watu wanaofanya kazi Mombasa na kulala katika nyumba za ghorofa ambako mita ya tokeni iko juu na gari liko chini. Kwao kituo cha umma ndiyo njia pekee.

Hesabu ya barabara inaunga mkono hoja hii. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, kwenda na kurudi 240. Leaf ya betri ya yuniti 40, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2017, ilipimwa Marekani ikiwa mpya na kupewa takriban kilomita 243. Ongeza umri wa betri na kiyoyozi cha mchana wa Pwani, safari hiyo haitimii bila kuchaji njiani. Gharama nayo inavutia. Aprili 2023 EPRA iliweka bei maalumu ya umeme wa magari: shilingi 16 kwa yuniti, na 8 saa ambazo matumizi ya taifa yako chini, kabla ya kodi na ada nyingine. Safari ya kwenda Malindi, bila kurudi, hula yuniti 20 hivi. Hata mwenye kituo akiuza kwa mara mbili ya bei hiyo, bado gharama iko chini sana ya lita kumi za petroli, ambayo Mombasa mwaka 2025 iliuzwa kati ya shilingi 170 na 185 kwa lita. Siku za kazi, saa hizo za bei ya chini ni za usiku, kuanzia saa nne, wakati umeme wa mvuke wa Olkaria unapokosa wa kuutumia. Mji gani Pwani nzima una wateja walioketi, wanakula na kucheza muziki kuanzia saa nne usiku, kama si Mtwapa?

Pingamizi lenye nguvu ni kwamba CHAdeMO inakufa. Ni kweli kwa Ulaya na Marekani. Nissan yenyewe ilianza kuiacha huko ilipoleta gari lake la Ariya. Lakini Japani haijaiacha: Sakura, gari dogo la Nissan la mwaka 2022, linatumia CHAdeMO, na tunachokinunua sisi leo ni kile Japani ilichokitumia jana. Kwa kanuni ya miaka minane, magari hayo yataendelea kushuka bandarini kwa muda mrefu. Sidai CCS2 iachwe. Mitambo yenye nyaya zote mbili ipo sokoni, Ulaya iliitumia kwa miaka, na waya wa pili ukiagizwa tangu mwanzo ni gharama ndogo ukilinganisha na transfoma na msingi wa zege.

Wengine watasema magari yenyewe ni machache, na kwamba vyombo vingi vya umeme Kenya ni bodaboda zinazobadilishiwa betri. Sawa, lakini hao wa bodaboda ndio onyo lenyewe, maana betri ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya kampuni nyingine. NopeaRide, huduma ya teksi za umeme iliyoanza Nairobi mwaka 2018, ilifungwa mwaka 2022. Huduma ikitegemea kampuni moja tu, kampuni ikianguka mteja huachwa njiani. Kuhusu umeme kukatika sina jibu zuri; karibu nchi nzima ilikaa gizani Agosti 25, 2023, na Pwani iko mwisho wa nyaya ndefu. Hiyo ni sababu ya kuweka vituo zaidi ya kimoja kati ya Mtwapa, Kilifi na Malindi, na kutomtegemeza msafiri kwenye nguzo moja.

Uwezo wa kisheria upo. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti jukumu la usambazaji wa umeme na udhibiti wa kawi katika mipango yao, na EPRA ilitoa miongozo ya vituo vya kuchaji mwaka 2023. Umoja wa Ulaya umezitaka nchi zake ziwe na vituo kila kilomita 60 kwenye barabara kuu, na chaja mpya za haraka zikubali kadi ya benki bila usajili. Kwetu kilomita 60 ni Mombasa hadi Kilifi, na kadi yetu ni M-Pesa. Bunge la Kaunti ya Kilifi liandike hivyo katika masharti ya leseni: nyaya mbili, malipo kwa M-Pesa bila programu ya kampuni, bei ya yuniti ibandikwe kwenye nguzo. Nawe unayekaribia kuweka amana katika yadi ya magari Mombasa, fungua kwanza kifuniko cha tundu la kuchajia, uone ni plagi gani, halafu muulize mwakilishi wa wadi yako ni kituo gani kitakachoikubali.