Binti Aombapo Ruhusa ya Kambi
Binti aombapo ruhusa ya kupiga kambi Keringet na shoga zake wakati wa likizo, kisha washuke Naivasha kukwea majabali ya Hell's Gate, sisi kina mama huuliza kwanza habari ya maharimu na mavazi. Ni haki yetu. Lakini ni nani atakayemshikia kamba? Na mvua je? Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu katika korongo la huko.

Keringet nayo iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Baridi yake si hii ya kusi. Mfungashie khufu za ngozi: akizivaa akiwa na udhu, msafiri huruhusiwa kupangusa juu yake siku 3, usiku na mchana, pasipo kuosha miguu.