Kabla ya kupakia nyanya, sikiliza kona

Leo siongelei kantangaze wala mbolea. Naongelea ile Probox kuukuu inayobeba matenga yako, maana gari nalo linaweza kukula faida ya msimu mzima.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Gari langu lilianza kulia "ka-ka-ka" huku mbele. Nikalipeleka kwa fundi, hata hakuliendesha, akasema shokapu. Nikanunua mbili. Kelele ikabaki. Akasema beringi, nikanunua. Kelele ile ile. Mwisho nikachuchumaa mwenyewe, nikaona rimu kwa ndani imerukiwa na grisi. Mpira wa jointi ya ekseli, ile ambayo gereji wanaiita CV, ulikuwa umechanika siku nyingi.

Lakini simlaumu fundi peke yake. Mimi nilienda na neno moja tu: "linalia". Ni sawa na mkulima anayekuja kuniambia "nyanya zinaumwa" halafu anataka nimtajie dawa hapo hapo. Ukipuliza dawa ya kantangaze kwenye ukungu, umemwaga hela. Gari nalo lina dalili zake, na kwa maoni yangu kuzijua ni kazi ya mkulima wa biashara, siyo ya fundi tu.

Pima hivi. Tafuta uwanja wa wazi, tambarare. Kata usukani mpaka mwisho, zunguka taratibu huku ukikanyaga mafuta kidogo. Kisha geukia upande wa pili. Ukisikia "ka-ka-ka" inayokwenda haraka kadiri tairi linavyozunguka haraka, shuku jointi ya nje. Kama kona ziko kimya, lakini kwenye njia iliyonyooka gari linatetemeka ukikanyaga mafuta na kutulia ukiachia, shuku jointi ya ndani. Mngurumo usiokatika, unaopanda na spidi, mara nyingi ni beringi. Likigonga kwenye mashimo tu, anzia kwenye bol jointi, stabilaiza na shokapu. Hapa nasema magari yanayovutwa na tairi za mbele. Hiace inayosukumwa na tairi za nyuma ina mambo yake. Huko kagua krosi za propela.

Halafu ingia uvunguni uangalie mipira yenyewe. Ndani ya jointi kuna gololi za chuma zinazocheza kwenye grisi. Mpira ukichanika, grisi inarushwa nje, vumbi na mchanga wa barabara zetu vinaingia, chuma kinasagika. Ukiwahi kabla ya kelele, inasafishwa, unawekwa mpira mpya na grisi yake maalumu, basi. Ikishaanza kulia, kujaza grisi ni kujidanganya. Chuma kilicholika hakirudi.

Najua utaniambia: "Bwana shamba, mbona yangu inalia tangu mwaka jana na bado inatembea?" Kweli, inaweza kulia miezi. Ila haikupi tarehe ya kukatika. Ikikatika, injini inanguruma na gari haliendi. Kama ni otomatiki, ukiweka P linaweza lisishike, likaanza kuteremka lenyewe. Vuta hendibreki, weka jiwe kwenye tairi. Sasa fikiria hilo likukute Kitonga, umebeba nyanya zilizoiva kutoka Ilula, na mnunuzi anakusubiri alfajiri. Nyanya haisubiri spea.

Ndiyo maana nasema: gari ni sehemu ya shamba, nalo likaguliwe kama shamba. Kila wiki mbili, na lazima kabla ya mavuno kuanza, angalia mipira minne: upande wa kulia miwili, wa kushoto miwili, ya ndani na ya nje. Ukienda gereji, usiseme "linalia". Sema linalia lini: kwenye kona, kwenye mashimo au ukikanyaga mafuta. Na kabla hujatoa hata shilingi ya spea, mwambie fundi apande gari mzunguke wote wawili. Akikataa kusikiliza gari, tafuta fundi mwingine.